Sheikh Al-Amin Mazrui: Kadhi aliyeufundisha Mji wa Kale kuzisoma nyakati

MNAMO Oktoba 2014, umati mkubwa ulikusanyika katika Mji wa Kale wa Mombasa kuupokea mwili wa Profesa Ali Mazrui uliosafirishwa kutoka Marekani, na kuuzika katika makaburi ya Wamazrui yanayotazamana na Ngome ya Yesu.

Duniani, marehemu alijulikana kwa vitabu vyake na kwa vipindi vya televisheni vilivyozusha mabishano makali nchini Marekani mwaka wa 1986. Lisilotajwa mara kwa mara ni kwamba kazi ile ya kuwaelimisha watu kwa chombo kipya, wakati siasa zimechafuka, haikuanzia Marekani.

Ilianzia katika vichochoro vya mji huo huo aliorudishwa kuzikwa, zaidi ya miaka 80 kabla, kwa karatasi ndogo iliyoandikwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu.

Mwenye karatasi hiyo alikuwa baba yake, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, mwanachuoni, mwandishi wa habari na Kadhi Mkuu wa Kenya kuanzia 1937 hadi alipofariki dunia mwaka wa 1947.

Sheikh Al-Amin alizaliwa Mombasa mwaka wa 1891, katika ukoo ambao jina lake halitengani na historia ya kisiwa hicho. Kwa karibu miaka 100, Wamazrui waliitawala Mombasa wakiwa maliwali, makao yao yakiwa katika ngome iliyojengwa na Wareno kuanzia 1593 na kutekwa na Waarabu wa Omani mwaka wa 1698.

Utawala huo ulikoma mwaka wa 1837, Seyyid Said wa Unguja alipoutia mji mkononi na kuwakamata wakuu wa ukoo, akawapeleka uhamishoni Bandar Abbas katika Ghuba ya Uajemi. Waliobaki walitawanyika, wengine wakaweka makao Takaungu upande wa kaskazini na wengine Gazi upande wa kusini.

Kwa hiyo mtoto huyo hakuzaliwa katika ufalme, bali katika kumbukumbu ya ufalme. Katika tawi lake la ukoo, upanga ulikuwa umekwisha kupisha kalamu.

Baba yake, Sheikh Ali bin Abdallah, alikuwa miongoni mwa wanazuoni wakubwa wa mwambao. Naye hakuepukana na misukosuko ya siasa, kwani aliwahi kutiwa kifungoni Unguja na Seyyid Barghash, akatoka tu baada ya mtawala huyo kufa mwaka wa 1888.

Sheikh Ali alifariki 1894, akamwacha mwanawe akiwa bado hajatimiza miaka minne. Mwaka uliofuata, Uingereza ilitangaza himaya yake ya Afrika Mashariki, na kwa mkataba wa Desemba 1895 ikachukua uendeshaji wa ukanda wa pwani wa maili kumi kwa kumlipa Sultani wa Unguja kodi ya kila mwaka.

Mwaka huo huo baadhi ya Wamazrui, wakiongozwa na Mbaruk bin Rashid wa Gazi na Aziz bin Rashid wa Takaungu, waliingia vitani dhidi ya Waingereza. Vita vilimalizika mwaka wa 1896 kwa Mbaruk kuvuka mpaka na kujisalimisha kwa Wajerumani. Alifia uhamishoni Dar es Salaam mwaka wa 1910.

Ngome ya Yesu, iliyokuwa kiti cha enzi cha mababu, Waingereza waliigeuza gereza mwaka wa 1895, na gereza ikabaki hadi 1958. Katika maisha yake yote ya utu uzima, kila Sheikh Al-Amin alipopita mbele ya kuta zile aliona kwa macho yake mwisho wa jambo moja. Swali lililomshughulisha lilikuwa ni nini kitafuata.

Yatima huyo alilelewa na kusomeshwa na jamaa yake, Sheikh Suleiman bin Ali Mazrui, ambaye naye alikuwa kadhi. Alisoma Kurani, sarufi ya Kiarabu na fikihi ya madhehebu ya Imamu Shafii, kama walivyosoma vijana wa nyumba za ilimu mjini humo.

Kisha alivuka bahari kwenda Unguja, ambako wakati huo kulikuwa na masheikh wawili waliowavuta wanafunzi kutoka mwambao mzima. Mmoja ni Sayyid Ahmad bin Sumeit, kadhi na mjuzi aliyesafiri nchi nyingi. Wa pili ni Sheikh Abdallah Bakathir, ambaye darsa zake za Ukutani zilikuwa na sifa kubwa. Wote wawili walifariki mwaka wa 1925.

Unguja ilimpa ilimu ya kale, na pia ilimfungulia dirisha la dunia. Mji ule ulipokea magazeti na majarida ya Kiarabu yaliyochapishwa Misri, na katika majarida hayo ndimo mwanafunzi yule alimokutana na fikra zilizobadili mwelekeo wa maisha yake.

Mashuhuri zaidi lilikuwa Al-Manar, lililoanzishwa na Rashid Rida mjini Cairo mwaka wa 1898. Jarida hilo lilieneza fikra za Jamaluddin Al-Afghani na Muhammad Abduh, waliojiuliza kwa nini mataifa ya Kiislamu, yaliyopata kuwa mbele kwa sayansi na utawala, yalianguka chini ya himaya za Ulaya.

Jibu lao halikuwa la kuilaumu Ulaya peke yake. Walisema Waislamu wenyewe walikuwa wameacha kufikiri, wakashika desturi badala ya dini, na kufuata kwa mazoea badala ya kutafuta hoja.

Kwa msomaji aliyeishi Mombasa, maneno hayo hayakuwa nadharia ya mbali. Misri ilikaliwa na Waingereza tangu 1882, na Mombasa ilikuwa imeonja yale yale. Karatasi kutoka Cairo, zikija kwa meli, zilimwonyesha kwamba msiba wa mji wake haukuwa wa mji wake peke yake, na kwamba msiba unaoeleweka unaweza kutafutiwa dawa.

Na msiba wenyewe ulionekana mchana kweupe. Reli iliyoanzwa Mombasa mwaka wa 1896 iliupeleka utajiri na utawala bara, na mwaka wa 1905 makao makuu ya serikali yakahamia Nairobi.

Magati ya kina kirefu yalipojengwa Kilindini katika miaka ya 1920, biashara kubwa iliihama Bandari ya Kale, ikaachiwa majahazi. Daraja la Nyali lililoelea juu ya maji lilifunguliwa 1931, na kisiwa kikazidi kuwa mji wa wageni, makarani, makuli na makampuni.

Kuondolewa kwa utumwa mwaka wa 1907 kuliwanyima wenye mashamba nguvukazi waliyoitegemea, nguvukazi ambayo haikuwa haki yao tangu mwanzo. Sheria ya hati za ardhi ya 1908 iliwataka watu waje na ushahidi wa umiliki. Ardhi isiyodaiwa ikawa mali ya serikali, na iliyopata hati ikawa rahisi kuuzwa.

Wengi waliuza. Fedha zilizopatikana mara nyingi ziliishia katika harusi, matanga na madeni, na mjukuu akabaki mpangaji katika mji aliomiliki babu yake.

Siasa nazo ziliwagawa watu wa mwambao. Mwaka wa 1923 Waarabu walipata kiti cha kuchaguliwa katika Baraza la Kutunga Sheria, lakini Waswahili wa Thenashara Taifa wakaachwa nje. Watu waliosali msikiti mmoja, wakaoleana na kusema lugha moja, walianza kushindana juu ya nani ni Mwarabu na nani ni mwenyeji, kwa kuwa jina hilo ndilo lililoamua kodi, haki na heshima.

Katika hali kama hiyo, mtu aliyesoma alikuwa na njia mbili zilizozoeleka. Angeweza kujifungia msikitini na vitabu vyake, au kuingia katika ofisi ya serikali na kunyamaza. Sheikh Al-Amin alichagua ya tatu, akaanzisha gazeti.

Mwaka wa 1930 alianza kutoa Sahifa, jina lenye maana ya ukurasa. Ilikuwa kazi ndogo kwa umbo, ikisambazwa mjini kwa Kiswahili cha watu wa Mombasa, kwa herufi za Kiarabu ambazo kila aliyepita chuoni alizijua.

Mnamo Februari 1932 alifuatisha gazeti la kila wiki aliloliita Al-Islah, yaani matengenezo, lililotumia Kiswahili na Kiarabu.

Uamuzi wa kuandika Kiswahili ulikuwa na uzito wake. Mwanachuoni wa daraja yake aliyetaka kusifiwa na wenzake angeandika Kiarabu, na aliyetaka kusikika kwa wakubwa angetafuta wa kumwandikia Kiingereza. Yeye alitaka kusomwa na mwenye duka, mvuvi na mama aliyesoma chuoni.

Uamuzi juu ya herufi ulikuwa na uzito vilevile. Mwaka wa 1928 mkutano wa maofisa wa elimu wa nchi za Afrika Mashariki, uliofanyika hapo hapo Mombasa, ulichagua Kiunguja badala ya Kimvita kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Mwaka wa 1930 kamati ya lugha ikaanza kazi ya kukisanifu, kwa herufi za Kirumi.

Hivyo mzee aliyeweza kusoma barua, hati za mirathi na tenzi kwa herufi za Kiarabu alihesabiwa na serikali kuwa hajui kusoma. Sheikh Al-Amin alizikarabati herufi hizo, akizitafutia alama za sauti za Kiswahili ambazo Kiarabu hakina, ili neno lisomeke bila kubahatisha.

Magazeti hayakuwa mageni katika kanda hii. Serikali ya Tanganyika ilikuwa na Mambo Leo tangu 1923, na Jomo Kenyatta alihariri Muigwithania kwa Kikuyu tangu 1928. Al-Islah lilikuwa la namna yake kwa kuwa lilitolewa na sheikh, likazungumza dini na uchumi katika ukurasa mmoja.

Makala zake zilikuwa fupi na kali. Alishambulia uvivu, ulevi, kamari na ubadhirifu. Aliwakemea waliokopa kwa riba ili wafanye karamu ya siku moja, na waliouza shamba ili wasisemwe na majirani.

Aliwageukia pia vijana waliodhani kwamba kustaarabika ni kuvaa kofia ya Kizungu na kuiga mwendo wa Mzungu. Kwake yeye, kama kuna la kuigwa kwa Wazungu basi ni bidii yao, umoja wao na kupenda kwao elimu. Mavazi yao hayakuwa siri ya nguvu zao.

Wazee nao hawakupona. Alipinga mambo aliyoyaona kuwa ni uzushi katika dini, yakiwemo baadhi ya mambo yaliyofanywa makaburini na gharama za matanga zilizowaelemea wafiwa. Jambo hilo liliwaudhi wengi waliozirithi desturi hizo kwa wazee wao na kuziona kuwa ndiyo dini yenyewe, na wanazuoni wa pwani wameendelea kubishana juu yake hata baada yake.

Katika elimu alisimama mahali pagumu. Aliziogopa shule za wamishonari kwa kuwa zilifundisha watoto kuiacha dini yao. Lakini hakukubaliana na waliozuia watoto wasisome hesabu, jiografia na lugha za kigeni. Alisema ujinga si ngome ya imani, na kwamba jamii isiyojengea watoto wake shule haina haki ya kulalamika wakienda za wengine.

Aliwataka wazazi wasomeshe wasichana pia, kwa hoja kwamba mama mjinga hawezi kulea mtoto mwerevu, na kwamba dini haikumtenga mwanamke na ilimu. Katika miaka ya 1930 kauli hiyo kutoka kinywani mwa sheikh wa Mji wa Kale ilikuwa nzito.

Hakuishia kuandika. Alianzisha Madrasa ya Al-Ghazali mjini Mombasa, ambako masomo ya dini yalipangwa kwa mtindo wa kisasa. Aidha, alitunga vitabu vidogo vya kufundishia watoto na watu wazima misingi ya dini kwa Kiswahili chepesi.

Hata hivyo, Al-Islah halikudumu. Lilitoka kwa muda usiozidi miaka miwili hivi, kisha likasimama. Mwandishi wake aliingia katika utumishi wa ukadhi, na mwaka wa 1937 akateuliwa kuwa Kadhi Mkuu.

Hapo ndipo penye mtihani mkubwa wa maisha yake. Mtu aliyekuwa akiwaonya wenzake juu ya kutawaliwa sasa alikuwa mtumishi wa serikali ya wakoloni, akilipwa mshahara na wale wale walioifanya ngome ya mababu zake kuwa gereza.

Wapo wanaoweza kuliona jambo hilo kuwa ni kusalimu amri. Lakini ni vyema kuangalia ni nini kilichokuwa kimebaki mikononi mwa Waislamu wa pwani wakati huo. Mahakama za kadhi zilikuwa zimenyang'anywa mashauri ya jinai, zikaachiwa ndoa, talaka na mirathi. Kiti hicho kilikuwa mlango wa mwisho ambamo sheria ya Kiislamu ilikuwa na nguvu mbele ya dola.

Kumwachia mlango huo mtu asiye na ilimu kungekuwa hasara kwa wajane na yatima waliofika mahakamani kudai haki zao. Mtu aliyekuwa yatima mwenyewe hakuhitaji kuelezwa hilo.

Isitoshe, kalamu haikukauka. Mwaka wa 1944, vita vikuu vya pili vikiwa vingali vinaendelea, makala zake za awali zilitolewa kwa umbo la kitabu kilichoitwa Uwongozi. Yale yaliyokuwa karatasi za kupita yakawa kitabu cha kuwekwa nyumbani, na hadi leo wasomaji wanarejea humo. Mwaka wa 2017 kitabu hicho kilichapishwa pamoja na tafsiri ya Kiingereza nchini Uholanzi, na kampuni ya Brill.

Alianza pia kuifasiri Kurani kwa Kiswahili. Tafsiri kamili iliyokuwepo ilikuwa ya Godfrey Dale, kasisi wa Kianglikana, iliyotolewa mwaka wa 1923. Kwa Waislamu wengi halikuwa jambo la kuridhisha kwamba kitabu chao kielezwe kwa lugha yao na mtu asiyekiamini. Sheikh Al-Amin hakujaliwa kuimaliza kazi hiyo, ila sehemu zake zilichapishwa baada ya kifo chake.

Kazi nyingine aliyoiacha ni historia ya Wamazrui wa Mombasa, aliyoiandika kwa Kiarabu. Kama angekuwa mtu wa kujisifu, hapo ndipo pangekuwa mahali pake. Lakini kwa mtu aliyeandika juu ya kuanguka kwa jamii, historia ya ukoo ilikuwa na faida nyingine. Ilionyesha jinsi ugomvi wa ndugu na wivu wa wakubwa vilivyowafungulia mlango maadui.

Mswada huo ulibaki bila kuchapishwa kwa muda mrefu. Hatimaye ulihaririwa na kutafsiriwa kwa Kiingereza na J. McL. Ritchie, ukatolewa mwaka wa 1995 kwa ufadhili wa Chuo cha Taaluma cha Uingereza.

Miaka yake ya mwisho ilikuwa ya vurumai nyingine mpya. Bandari ilijaa wanajeshi na mizigo ya vita, bei za vyakula zikapanda, na makuli wa Mombasa ambao walikwisha kugoma mwaka wa 1939 wakaendelea kudai ujira unaotosha maisha.

Januari 1947 mgomo mkubwa uliusimamisha mji mzima, kuanzia magatini hadi relini na mahotelini. Wafanyakazi wapatao 15,000 waliweka zana chini. Sasa sauti iliyosikika Mombasa haikuwa tena ya Waarabu na Waswahili wakibishana juu ya majina, bali ya watu wa makabila mengi wakidai chakula na nyumba.

Sheikh Al-Amin hakuona mwisho wa hayo. Alifariki dunia tarehe 1 Aprili 1947, akiwa na umri wa miaka 56.

Aliacha wanafunzi ambao waliendeleza njia yake. Sheikh Muhammad Kasim Mazrui alikuja kuwa Kadhi Mkuu kuanzia 1963 hadi 1968, na katika miaka ya 1970 akatoa gazeti lake, Sauti ya Haki. Sheikh Abdalla Saleh Farsy wa Unguja, aliyeathiriwa sana na fikra zake, alishika kiti hicho hicho baada ya hapo, na tafsiri yake kamili ya Kurani kwa Kiswahili ilitolewa mwaka wa 1969.

Aliacha pia mtoto wa kiume mwenye miaka 14, Ali, ambaye alikuwa amemkusudia kwenda kusoma Al-Azhar, Cairo, ili arudi awe mwanachuoni wa sheria. Kifo kiliivunja azma hiyo.

Ali hakufanya vyema katika mtihani wa Cambridge, akaajiriwa kuwa karani katika taasisi ya elimu ya Waislamu mjini Mombasa. Hotuba aliyoitoa katika sherehe ya Maulidi, mbele ya Gavana Sir Philip Mitchell, ndiyo iliyomfungulia njia ya kupata masomo Uingereza. Alisoma Manchester, Columbia na Oxford, akafundisha Makerere kwa miaka kumi kuanzia 1963, kisha akahamia Marekani mwaka wa 1974.

Huko ndiko kazi ya baba ilikovaa nguo mpya. Mwaka wa 1986 Ali Mazrui alitoa mfululizo wa vipindi tisa vya televisheni pamoja na kitabu, kwa jina la The Africans: A Triple Heritage. Vipindi hivyo vilitengenezwa kwa ushirikiano wa BBC na televisheni ya umma ya Marekani. Hoja yake kuu ilikuwa kwamba Afrika ni mtoto wa urithi wa aina tatu, yaani mila zake za asili, Uislamu, na athari za Magharibi.

Aliyekulia Mji wa Kale hahitaji maelezo marefu juu ya hoja hiyo. Adhana, ngoma na kengele ya shule ya serikali ni sauti alizozisikia kabla ya kujua kuzipa majina.

Lakini vipindi viliingia Marekani wakati mbaya. Aprili mwaka huo ndege za kivita za Marekani zilikuwa zimeishambulia Libya. Oktoba, bunge la nchi hiyo lilimshinda Rais Ronald Reagan aliyetumia kura ya turufu kuzuia vikwazo dhidi ya serikali ya kibaguzi ya Afrika Kusini. Nchi ilikuwa imegawanyika juu ya nafasi yake duniani.

Lynne Cheney, aliyekuwa mkuu wa mfuko wa serikali uliosaidia kugharimia kazi hiyo, alikasirishwa na jinsi vipindi vilivyozilaumu nchi za Magharibi, akataka jina la mfuko huo liondolewe katika orodha ya wafadhili. Vipindi vilionyeshwa vivyo hivyo, na ubishi wenyewe ukawafanya Wamarekani wengi watake kuona kilichokuwa kikigombewa.

Ni mlango ule ule uliofunguliwa Mombasa mwaka wa 1930. Baba alisoma majarida ya Cairo ili aielewe Mombasa, na Wamarekani walifungua televisheni na kumwona mtu wa Mombasa akiwaeleza dunia ambayo nchi yao ilikuwa imo ndani yake. Katika hali zote mbili, mafunzo yalitoka nje na yaliuma.

Tofauti za baba na mwana ni nyingi. Mmoja alikuwa sheikh aliyepima kila jambo kwa Kurani na Hadithi, mwingine profesa aliyebishana katika kumbi za vyuo vikuu kwa Kiingereza. Si kila alichokisema mwana kingempendeza baba. Hata hivyo, wote wawili walikataa kuamini kwamba mtu wa kawaida hawezi kuelezwa mambo makubwa.

Hili ndilo somo la maisha ya Sheikh Al-Amin. Hakuwa na jeshi, na yale majeshi ambayo jamaa zake walikuwa nayo alipokuwa mtoto yalishindwa. Hakuwa na kiti bungeni. Alikuwa na vitabu na karatasi, na aliwaamini wasomaji wake kiasi cha kuwaambia wasiyoyapenda.

Wakati wa misukosuko, watu huwa wepesi kutafuta wa kulaumiwa na wazito kutafuta cha kusoma. Sheikh huyo aliwalaumu waliostahili, lakini alianza na nyumba yake mwenyewe, kwa sababu ndiyo aliyokuwa na uwezo wa kuitengeneza.

Ngome ya Yesu siku hizi ni jumba la makumbusho, na gereza limebaki kuwa habari ya kale. Wageni hulipa kiingilio, wakatazama mizinga na bahari. Ng'ambo ya barabara, katika makaburi ya ukoo ulioitawala ngome hiyo, amelala mtoto wa mtu aliyegundua mapema kwamba mji ukishindwa kulinda kuta zake, bado unaweza kulinda akili zake.

Kazi hiyo ya pili haikwishi kwa kizazi kimoja. Kila mzazi wa Mombasa anayempa mtoto kitabu, na kila mwalimu anayemfundisha mwanafunzi kuuliza kwa nini, anaiendeleza ilipoachwa mwaka wa 1947.